Mtaro wa Mita Kumi na Nane

Mvua ya kwanza ya msimu ilianza Jumatatu alasiri. Ilipofika saa kumi na moja, Mama Pindo alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mama mkwe wake, gauni kalikunja hadi magotini, ndoo mkononi, akimtukana shemeji yake ambaye hata hakuwepo. Maji yalikuwa yakiingia kwa utulivu kabisa, kutoka pale ukuta unapokutana na sakafu, kana kwamba yamekaribishwa.

Jina la Mama Pindo alipewa na mtaa. Alikuwa fundi cherehani, na pindo lake lilikuwa halifumuki hata gauni lenyewe lichakae. Utepe wa kupimia aliuvaa shingoni tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala, na ukimwambia nguo imezidi kidogo, atakuuliza kidogo ndiyo ngapi. Hasira zake nazo zilikuwa na sifa mtaani. Zilipanda upesi, na zikishapanda hazikuwa na haraka ya kushuka. Watu wengine hukasirika wakanuna. Yeye alikasirika kwa sauti, kwa mpangilio, na kwa mifano.

Mama mkwe alikuwa kitandani, miguu juu, akimtazama anavyochota maji. Kitanda chenyewe kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali tangu msimu uliopita. Alikuwa mama mzee wa maneno machache, magoti yamemchoka, na mchana kutwa alikaa kwenye kiti cha dirishani akiangalia uani na kusikiliza redio. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa, tisa kati ya hiyo baada ya kufa yule aliyekuwa mume wa mmoja na mwana wa mwingine. Kila asubuhi walikunywa chai pamoja, kikombe cha mama kikitangulia kumiminwa. Mama Pindo alikuwa na watoto wawili wenye maisha yao mbali, na wateja tele, lakini mtu wake wa kuzungumza naye alikuwa huyo mmoja. Na tuseme ukweli, alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mume.

Ndiyo maana maji yale yalimtia wazimu. Wifi yake, binti mkubwa wa mama, alikuwa ametamka mwaka uliopita, mbele ya watu, kwamba maji yakiingia tena chumbani humo hata mara moja, atakuja na gari kumchukua mama yake. Wifi aliishi mji mwingine, saa tano kwa barabara, kwenye jengo la ghorofa, juu kabisa, ambako maji hayafiki ila kwa bomba. Na hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mtaro ulichimbwa kwa ajili ya tishio hilo. Fundi alikuwa shemeji yake Mama Pindo mwenyewe, kitinda mimba wa mama huyo huyo. Alifanya kazi za mabomba na mifereji, na watu walimwita Kimya. Ukimwuliza swali la ndiyo au hapana, alifikiria kwanza kama kuna jibu fupi zaidi. Mara nyingi Mama Pindo alimjibia kabla hajafungua kinywa, na Kimya aliliacha jibu hilo lipite hivyo hivyo.

Alikuja wakati wa kiangazi, akazunguka nyumba, akapiga sululu mara mbili tatu nyuma ya chumba cha mama, akaeleza tatizo. Kiwanja cha nyuma kiko juu kuliko nyumba. Maji ya mvua yanazama huko, yanatembea chini kwa chini, yanagonga ukuta, yanakosa pa kwenda, yanasubiri hapo mpaka ukuta uyanywe. Basi tuyape pa kwenda.

Dawa yake ilikuwa mtaro wa kokoto. Unachimba handaki jembamba, kina chake kinapita goti, sambamba na ukuta wa nyuma, linakata kona ya nyumba na kupita ubavuni hadi kwenye mfereji wa barabara. Mita kumi na nane. Ndani unatandika kitambaa cha kuchujia, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, unamwaga kokoto zilizooshwa, unalaza bomba lenye matundu, unalifunika kwa kokoto nyingine, kisha unakunja kitambaa juu yake na kurudishia udongo. Maji ni mavivu, alisema Kimya. Yakikuta kokoto zenye nafasi, yatadumbukia humo badala ya kuhangaika na ukuta. Yakijaa yanaingia bombani, na bomba linayapeleka barabarani. Ila bomba lazima lishuke, sentimita moja kwa kila mita. Pungufu ya hapo mtu anajidanganya.

Mama Pindo aliipenda hesabu hiyo. Hata kitambaa, kilipokuja vipande vipande, alikiunga mwenyewe kwa cherehani, mishono miwili miwili, mita kumi na nane bila kunyanzi hata moja. Kazi ilichukua siku nne. Ilipokwisha alimpigia wifi simu na kumweleza yote, sentimita kwa mita, mpaka wifi akasema sawa, sawa, mvua itatuambia.

Sasa mvua ilikuwa imesema. Nani aliyemfikishia wifi habari haikujulikana, ila Jumanne saa mbili asubuhi simu ililia, na wifi hakupoteza muda kwa salamu. Alisema Jumamosi mchana atakuwa hapo na gari, mizigo ya mama iwe tayari. Mama Pindo alianza kueleza. Simu ilikuwa imekatwa.

Alitoka vile vile alivyo, utepe shingoni, viatu vya ndani miguuni. Kimya alikuwa na kazi mtaa wa pili, kwa mwenye duka la vifaa vya umeme aliyekuwa akijenga nyumba kubwa, na kulikuwa na mifereji ya kuzunguka nyumba nzima. Mama Pindo alimkuta amepiga magoti ndani ya handaki. Alisimama juu yake, mikono kiunoni, akampa vidonge vyake kimoja kimoja. Alisema ameweka bomba kichwa chini, matundu yakitazama ardhini, na yeye aliliona siku ile ile akanyamaza kwa heshima. Alisema kokoto zile zilikuwa takataka. Alisema mtu akifanya kazi ya ovyo kwa jirani anaitwa fundi mbovu, lakini akiifanya kwa mama yake mzazi hakuna jina lake.

"Umemlaza mama yako ndani ya maji," alisema. "Na sasa wanakuja kumchukua."

Mwenye duka alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kikombe, anasikiliza neno kwa neno. Kimya alifuta udongo mikononi, taratibu, kidole baada ya kidole. "Nitakuja kuangalia, shemeji," alisema.

Upole huo ulimchoma Mama Pindo kuliko tusi. Angejibu, angalau wangegombana. Aliondoka. Jioni yake alisikia kwamba mwenye duka amemwambia Kimya akusanye vifaa vyake na asirudi tena, na aliposikia alisema safi kabisa.

Jumanne hiyo na kesho yake uani hapakukalika. Kila mteja aliyekuja kupimwa alipelekwa kwanza nyuma ya nyumba kuonyeshwa ukuta ulivyolowa, na pale pale, hatua mbili kutoka dirisha la mama mkwe, alisimuliwa habari za Kimya tangu utoto wake. Alikuwa mzembe. Alikuwa mwongo. Mpaka Jumatano jioni alikuwa mlevi pia, na Kimya alikuwa hajawahi kuonja pombe. Ndani ya dirisha, redio iliongezwa sauti. Mama Pindo naye aliongeza yake.

Asubuhi ya Alhamisi kikombe cha mama kilibaki mezani mpaka chai ikapoa. Mama Pindo aliona, akahuzunika, akajiambia kwamba mzee wa watu anateseka kwa aliyotendewa na mwanawe. Alimshika bega akamwambia asijali, atamnyoosha. Mama mkwe alitazama dirishani akasema hana njaa.

Kimya alifika saa tatu, na sepetu begani na mpira wa maji umezungushwa mkononi. Hakuna aliyemwita. Alimwamkia mama yake dirishani, akaanza kufukua.

Mama Pindo aliacha kazi zote. Alileta kiti akakiweka ukingoni, simu mkononi, tayari kupiga picha za ushahidi wa kumtumia wifi ili ajue lawama ni za nani. Udongo ulipoondoka alikiona kitambaa chake, mishono yote mahali pake. Kimya alikikunjua. Kokoto zilikuwa safi, hazina hata punje ya tope. Mama Pindo aliinama akachukua kiganja kizima, akazipekua, akazirudisha. Bomba lilikuwa zima, viungo vimekaza. Hakukuwa na cha kupiga picha, na kila tabaka lilipotoka likiwa sawa, ndivyo damu ilivyozidi kumchemka. Mtu amekosa, lazima amekosa, na makosa yake hayaonekani.

"Na matundu?" aliuliza. "Matundu yanatazama wapi?"

 Kimya alichukua beseni, akamwaga kokoto, akalaza juu yake kipande kifupi cha bomba, matundu chini, ncha yake ikitokeza nje. Akamimina maji pembeni polepole. Maji yalijaa kutoka chini, yakayafikia matundu, yakaanza kutiririka nje ya bomba wakati beseni halijafika hata nusu. Kisha aligeuza bomba, matundu juu, akamimina tena. Safari hii maji yalipanda, yakapanda, bomba likazama lote, ndipo tone la kwanza likatoka.

"Hayo yaliyobaki chini," alisema akionyesha beseni, "yangekuwa ya ukuta."

Mama Pindo aliyameza maneno hayo. Yalikuwa machungu, lakini alikuwa mtu wa kipimo, na kilichokuwa ndani ya beseni kilionekana kwa macho. Basi kwa nini hayatoki, aliuliza. Kimya alimimina ndoo ya maji ndani ya bomba upande wa ukuta wa mama. Maji yalikwenda hatua tatu nne, yakasita, yakarudi. Alikwenda barabarani, kwenye ncha ya mwisho, akamimina ndoo ya pili. Hayo hayakusita hata kidogo. Yalikimbia mita zote kumi na nane, yakakata kona, yakaja kumwagika chini ya dirisha la mama mkwe.

Mtaro ulikuwa ukileta maji nyumbani. Bomba lilikuwa juu upande wa barabara na chini upande wa chumba, kwa vidole vinne vizima, na jicho lilikuwa haliwezi kuona kwa sababu uwanja wenyewe ulionekana tambarare. Kimya aliiweka chini ndoo tupu.

"Nilipima vibaya," alisema.

"Rudia."

"Nilipima vibaya, shemeji. Kosa ni langu."

Mama Pindo alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu Jumatatu, na alipoyapata alitaka na mengine. Alimwita dada mmoja aliyekuwa kibarazani akisubiri gauni, aje asikie kwa masikio yake. Alimwuliza Kimya ni fundi wa aina gani asiyejua kuteremka na kupanda. Alimwuliza kama anajua Jumamosi ni siku gani. Alisema maneno mengine ambayo huyu anayesimulia hatayarudia, na yule dada wa gauni alirudi kibarazani bila kuambiwa. Kimya aliufungua mpira wa maji, akasema inabidi wapime upya, na anahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Mwenye mikono hapo alikuwa Mama Pindo peke yake.

Mpira huo ni kitu chepesi kukielewa. Ni mrefu, unaonyesha ndani, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha huku, mwenziwe anakwenda na ncha nyingine kule, hata nyuma ya nyumba wasikoonana, na maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Pimamaji ya mkono, kile kipande chenye kiputo cha kuonyesha usawa, haiwezi kukata kona, mpira unaikata. Kiangazi walikuwa wamefanya vivyo hivyo, Mama Pindo akiwa pale pale chini ya dirisha, Kimya kapotelea upande wa barabara, wakiitana.

Aliishika ncha yake kwenye kigingi chenye alama kwa hasira ile ile aliyoamka nayo.

"Yamesimama kwenye alama?" sauti ya Kimya iliuliza kutoka nyuma ya kona.

"Yamesimama."

"Hayachezi?"

"Hayachezi. Nimeshika vizuri, pima kazi yako."

"Toa kidole," alisema mama mkwe.

Mama Pindo aligeuka. Mama mkwe alikuwa ameegemea dirisha, kichwa nje, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Redio ilikuwa imezimwa.

"Kidole gumba, mwanangu. Umeuziba mpira. Ukiziba ncha moja, maji hayawezi kutembea, yatakaa hapo hapo kwenye alama yako hata huyo akienda mwisho wa dunia." Alivuta pumzi. "Baba yao alikuwa mwashi. Nimemshikia mpira huo miaka thelathini."

Mama Pindo alikitazama kidole chake. Kilikuwa kimekaa juu ya tundu la mpira, kimebana barabara, kama kinavyobana kitambaa kila siku chini ya sindano. Alikiinua. Maji ndani ya mpira yalishuka shibiri nzima mara moja, na kule nyuma ya kona alimsikia Kimya akishtuka yalipomrukia.

"Siku ile pia uliziba," mama mkwe aliendelea, kwa sauti ile ile. "Ulikuwa na gauni la bibi harusi begani. Uliogopa lisilowe."

Alikumbuka. Alikumbuka hariri ile nyeupe, tone moja la maji lingeacha doa. Alikumbuka Kimya akimwambia asizibe, naye akijibu kwamba anajua. Na kwa kuwa kumbukumbu ikianza haichagui, alikumbuka pia kwamba Kimya alitaka handaki likae wazi siku mbili, mpaka maji ya bomba yarudi, amimine ya kutosha aone yanakotokea. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu wiki hiyo. Yeye ndiye aliyesema funika leo, wateja wangu hawawezi kuruka mahandaki. Naye Kimya, kama kawaida yake, alifunika.

Hasira ikikosa pa kwenda hurukia aliye karibu. Alimgeukia mama mkwe, na hakuwa amewahi kumpandishia sauti katika miaka kumi na tisa.

"Kwa hiyo ulijua? Siku zote hizi ulijua?"

"Kiangazi niliona tu, sikuwaza. Jumatatu maji yalipoingia nikaelewa."

"Jumatatu. Leo Alhamisi. Umekaa hapo dirishani unanisikia nikimwita mwanao mwongo, nikimwita mlevi, mbele ya watu, nawe unajua ni mimi. Ni mwanao huyu, mama. Kwa nini hukusema?"

Mama mkwe alimtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ningesema," aliuliza, "ningelala wapi?"

Kimya alikuwa amefika konani, mpira mkononi, shati limelowa. Alisikia, maana alisimama. Kisha alisema kosa ni lake, fundi anayeamini kipimo bila kukirudia ndiye mwenye makosa. Mama Pindo alitamani Kimya amtukane. Alitamani mtu yeyote hapo afungue mdomo amtukane. Miaka kumi na tisa alikuwa akisema chumba cha mama, kiti cha mama, dirisha la mama, na mama mwenyewe alikuwa humo kama mgeni anayechunga maneno asije akafukuzwa. Alishika ncha ya mpira, kidole mbali, akamwambia Kimya arudi mahali pake wapime.

Walifanya kazi mpaka giza likaingia, na Ijumaa kutwa. Mama Pindo aliingia handakini na sepetu ya pili, na wateja walipokuja aliwaambia warudi wiki ijayo. Wachache aliokuwa amewaonyesha ukuta, aliwaonyesha tena, akawaambia ni nani aliyeziba mpira. Hilo halikumpa nafuu yoyote. Mchana alijifuta matope akaenda kwa mwenye duka la vifaa vya umeme, akamweleza kila kitu bila kujificha. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema amefurahi kujua, ila Jumatano alishaweka fundi mwingine, na huyo yupo kazini, na si vizuri kumwondoa mtu kwenye kazi yake kwa maneno ya njiani. Mama Pindo alirudi nyumbani akichimba kila hatua kwa kisigino.

Mvua ilirudi Jumamosi alfajiri, nzito kuliko ya Jumatatu. Ilipopambazuka Mama Pindo alikwenda barabarani bila mwavuli. Kwenye mdomo wa bomba maji yalikuwa yakitoka unene wa mkono, meupe, hayana udongo, yakiingia kwenye mfereji. Alirudi akapiga magoti nyuma ya nyumba, kisha ndani ya chumba, akapitisha kiganja chini ya ukuta kutoka kona hadi kona. Palikuwa pakavu. Kimya alikuwa kule barabarani tangu saa kumi na mbili, amechutama kando ya bomba, anahesabu kitu kwa vidole.

Wifi aliingia saa sita, viatu vya safari, uso umekunjwa tayari. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaugusa ukuta, akainama akagusa sakafu, akachungulia chini ya kitanda. Mvua ilikuwa bado inanyesha nje. Alisimama, akaugusa ukuta tena. Tangu Jumanne Mama Pindo alikuwa ameiandaa hotuba ya saa hiyo hasa, ina vifungu na ina vijembe, na wifi alikuwa amesimama mbele yake hana kitu mkononi. Aliiacha hotuba yote. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha dirishani.

"Mama," alisema, "wewe unataka kukaa wapi?"

Mama mkwe alimtazama yeye, akamtazama binti yake.

"Sijaulizwa swali hilo siku nyingi," alisema. "Ngojeni kwanza."

Walingoja. Wifi alikaa kitandani, mkoba mapajani. Mama Pindo alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuinuka.

"Nitakwenda na binti yangu," alisema mama mkwe.

Mama Pindo aliunyooshea ukuta mkono. "Ukuta umekauka, mama. Hautalowa tena."

"Ukuta sikuulalamikia mimi."

Wifi alitazama pembeni. Mama Pindo aliinuka, akafungua kabati, akaanza kukunja nguo, kila moja katika mikunjo yake sahihi, shali juu ili isitafutwe njiani. Alitoa na redio, akaifunga kwa kanga isigongwe. Alipomaliza alimshika mama mkwe mkono, wifi akamshika wa pili, wakapita naye juu ya mtaro, ambapo maji yalizama kabla hayajaloanisha viatu.

Mlangoni mwa gari mama mkwe alisimama. Alimshika Mama Pindo kidole gumba, akakibana kidogo kwenye kiganja chake.

"Siku ya kunichukua, mje wawili," alisema. "Wewe na mwanangu, gari moja. Ukija peke yako sitatoka."

Gari liliondoka. Mvua ilikuwa imepungua. Kimya alikuwa bado amechutama kwenye mdomo wa bomba, hatua kumi kutoka hapo, akiosha sepetu kwa maji yaliyokuwa yakitoka. Mama Pindo alimwendea, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuweka mikono kiunoni.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Niliyoyasema kwa yule bwana wa duka, na hapa uani, hayafutiki. Nimekukosea, shemeji." Alitafuta neno kubwa zaidi, akalikosa. "Utakuja tumchukue?"

Kimya aliisuuza sepetu upande mmoja, akaigeuza, akasuuza upande wa pili. Alifikiria, kama ilivyo kawaida yake, kwa muda mrefu, na safari hii Mama Pindo hakumjibia.